Nafasi ya Vipande Saba

Jumanne saa nne asubuhi, kabla wateja hawajaanza kuingia, mwenye mgahawa alichukua tepu ya fundi cherehani, akapiga magoti kati ya friji ya soda na mlango wa choo, akapima kona. Upana ulikuwa mita moja na nusu. Kwenda ndani ilikuwa mita moja na robo, ukijumlisha na mahali pa ndoo ya kudekia, ambayo alisema yuko tayari kuihamisha. Alivisoma vipimo hivyo kwa sauti mara mbili, na mpiga gitaa akakubali kwa kichwa mara zote mbili. Dada yake, ambaye ndiye mpiga drams wa bendi, alisimama pembeni akiitazama ile kona kama mtu anayetazama kiatu cha mtoto na kuambiwa akivae.

Watu walimwita Radi. Jina alilipata kwenye ukumbi wa wafanyakazi wa reli, ambako bendi ilipiga kwa miaka kumi na tisa, na ambako pigo lake la kwanza lilikuwa linazima mazungumzo mpaka mlangoni. Ukumbi ulikuwa umeuzwa. Sasa ulikuwa ghala la magodoro, na waliopita nje walisema humo ndani hata chafya haisikiki. Tangu hapo kaka yake alizunguka mjini kutafuta mahali pa kupiga, akapata patatu: mgahawa huu kila Ijumaa mchana, duka la vitabu lenye meza nne za kahawa kila Jumatano, na sebule ya hoteli ndogo Jumapili baada ya saa tisa. Kote walimwambia neno moja. Bendi ni nzuri, ila drams ni kubwa.

Drams za Radi zilikuwa na vipande saba. Kulikuwa na ngoma ya mguu, pana kama gurudumu la lori. Tomtom mbili zilizokaa juu yake kama watoto mgongoni. Ngoma ya kando yenye miguu mitatu. Snea, ngoma ndogo inayolia kama mvua ya ghafla kwenye bati. Haihati, zile sahani mbili za shaba zinazobusiana ukikanyaga pedali. Na sahani moja kubwa iliyopasuka ukingoni, ambayo Radi alikataa kuibadilisha kwa sababu ule ufa ulikuwa na neno lake la kusema. Spika ya gitaa la kaka haikupimwa na mtu. Ilikuwa na kimo cha ile friji ya soda, na unene kuizidi.

Mume wa Radi alikuwa seremala, mtu wa maneno machache na penseli nyingi. Aliposikia habari za kona aliuliza kitu kimoja tu, kwamba mpiga besi naye ameambiwa apunguze nini. Radi alisema besi ni moja, haina cha kupunguza. Seremala akachomoa penseli kwenye sikio la kulia, akaichomeka la kushoto.

"Kamba hukatikia pembamba," alisema.

Radi alimwambia asikuze mambo, ni ngoma tu. Akaiondoa ngoma ya kando na ile sahani yenye ufa, akaziweka sebuleni, akazifunika shuka.

Ijumaa ya kwanza walianza saa sita na nusu. Kaka alipiga gitaa, mkewe aliimba, mpiga besi ambaye wote walimwita Kimya alisimama nusu mlangoni mwa choo, na Radi alikaa nyuma yao na vipande vitano, goti moja likigusa friji. Pale ambapo ngoma ya kando ingekaa, mwenye mgahawa aliweka meza ndogo ya watu wawili. Makarani wawili wa bima waliikalia, wakaagiza supu. Supu haijafika, wakainuka wote wawili, wakaenda kulia chakula chao wima karibu na mlango wa kuingilia. Mhudumu alipowauliza, yule mrefu akasema pale pana vitu vya watu.

Mhudumu hakubishana naye. Yeye mwenyewe alikuwa amekwishapita mara sita na sinia lake, na mara zote sita alikuwa ameizunguka ile sehemu kwa mbali, akiinamisha kiwiko, kama mtu anayeogopa kugonga ukingo wa ngoma.

Baada ya wateja kuondoka, mwenye mgahawa alirudi na tepu. Akaivuta kutoka kwenye friji, na ilipofika pale mahali ikapinda yenyewe, ikafuata duara la kitu kisichokuwepo, ikanyooka tena upande wa pili. Akaandika kipimo. Akamweleza mpiga gitaa, bila hasira, kwamba ngoma imeondoka lakini nafasi yake imebaki, na kwamba juu, usawa wa kichwa, kuna nafasi nyingine nyembamba ya mviringo, inayowafanya watu warefu wainame. Kwa hiyo kona imekuwa ndogo zaidi ya ilivyokuwa. Akaomba dada apunguze tena.

Duka la vitabu nalo lilikuwa hivyohivyo. Vitabu vya rafu ya chini vilijisogeza nyuma kupisha ngoma isiyokuwepo, na muuza vitabu akawa anavipanga upya kila Alhamisi asubuhi. Hotelini mgeni mmoja aliweka sanduku lake kwenye nafasi ile, akalikuta limejiegemeza ukutani. Akaomba radhi kwa mapokezi. Huko kote ombi lilikuwa hilohilo, na kote kaka alikubali kabla dada hajaulizwa.

Kukataa neno la kaka kulikuwa kugumu kwa Radi. Ni yeye aliyemfundisha kupiga, Radi akiwa na miaka tisa, juu ya madebe mawili ya mafuta ya kupikia. Ni yeye aliyempigania aingie kwenye bendi wakati wenzake walisema mwanamke atachoka kabla ya wimbo wa pili. Kweli pia kwamba baba yao alipofariki kaka alichukua vyumba vya mbele, kwa kuwa alikuwa na familia kubwa, na Radi akapewa cha nyuma kwa kuwa hakuwa na vitu vingi. Mama alipougua, Radi ndiye aliyehamia chumbani kwake, kwa kuwa kitanda chake kilikuwa chembamba na kingeenea. Kila mara sababu ilikuwa ya kweli. Hilo ndilo lililofanya jambo liwe gumu kulishika mkononi.

Tomtom mbili zikaja nyumbani, haihati ikafuata. Kisha ngoma ya mguu ikalazwa juu ya meza ya useremala ili ikatwe katikati, ibaki nyembamba kama ungo. Seremala aliizungushia mstari wa penseli, akamtazama mkewe, mkewe akaitikia. Msumeno ulipoingia, unga wa mbao ulianza kudondoka kwa mapigo manne manne, la tatu likiwa zito kuliko mengine. Seremala alisimamisha msumeno. Unga uliendelea mpaka ulipomaliza wimbo. Alichukua ufagio, akauzoa, akaendelea kukata.

Drams zile ndogo Radi alijifunza kuzipiga upya, na hapo hakuna wa kusema uongo: alizipenda. Kwenye ukumbi alikuwa anapiga ili asikike. Hapa ilibidi apige ili wengine wasikike, na hiyo ni kazi nyingine kabisa. Aliacha vijiti, akashika brashi, akazipitisha juu ya snea polepole kama mtu anayefagia uani asubuhi na hataki kuamsha watoto. Alitandika blanketi ndani ya ile ngoma iliyokatwa, mguu wake ukawa unatoa sauti ya mlango unaofungwa kwa adabu. Alijua sasa mteja gani anatafuna upande mmoja. Mzee mmoja, aliyekuwa akija kila Ijumaa na mkewe na kuagiza samaki mmoja kwa sahani mbili, alimwambia kwamba tangu drams zipungue amemsikia mkewe akimwambia mambo mawili matatu ambayo hakuwahi kuyasikia.

Lakini nafasi hazikupungua. Kadiri vipande vilivyoondoka, ndivyo mahali pa kila kimoja palivyozidi kukaa imara, mpaka ile kona ikawa imejaa hewa isiyopitika, na Radi yuko katikati yake na snea moja na ngoma kama ungo, amekunja magoti.

Nyumbani mambo yalikuwa kinyume. Vipande vilivyorudishwa havikuchukua nafasi yoyote. Radi alikuwa ameviunga tena sebuleni, na ile nusu ya ngoma ya mguu iliyobaki seremala aliiwambia ngozi mpya. Vilikuwepo vyote, vinaonekana, vinapigika, na bado kochi lilikuwa palepale lilipokuwa tangu zamani, katikati ya tomtom. Wageni walikaa ndani ya ngoma ya kando na vikombe vyao vya chai. Shemeji mmoja alilala usingizi mzuri wa mchana kutwa, kichwa kikiwa ndani ya ile sahani yenye ufa. Seremala alisema ni rahisi kuelewa: vitu vimekuja huku, nafasi zao zimebaki kule.

Jumatatu moja saa kumi jioni kaka alikuja. Alikaa kwenye kiti kilichokuwa ndani ya ngoma ya mguu, akamsifia dada yake chai kwa mzaha wa siku zote, kwamba seremala ndiye aliyeipika. Alizungumza habari za mvua, za nyuzi za gitaa, za goti la Kimya. Alipomaliza chai alikizungusha kikombe mezani kwa muda mrefu.

"Si kwamba hatukutaki, dada," alisema. "Ni nafasi."

"Si tumeshaona kwamba haiondoki?"

"Tumeona. Ila mwenye mgahawa anasema labda zinakusubiri wewe. Ukitoka wewe, zitatoka zote."

Akaeleza kwamba amepata kisanduku kidogo cha umeme chenye midundo arobaini ndani, cha kukanyaga kwa mguu, hakizidi mkate kwa ukubwa. Radi aliyasikiliza yote hayo mpaka mwisho. Kisha akauliza swali ambalo mumewe alikuwa akilisubiri tangu Jumanne ile ya tepu.

"Na spika yako?"

Kaka alifikiri. Hakuwa mtu mwongo, na uso wake ulionyesha kwamba analitafuta jibu kwa uaminifu.

"Ile ina magurudumu," alisema.

Seremala alitoka nje, akaanza kupiga randa ubao ambao ulikuwa umeshapigwa.

Ijumaa iliyofuata Radi alibaki nyumbani. Alifua, akaanika, akaosha vyombo ambavyo vilikuwa safi. Saa sita na nusu mikono ikakosa pa kukaa. Akaingia sebuleni, akakaa nyuma ya vipande vyote saba, jambo ambalo hakulifanya tangu ukumbi uuzwe, akapiga kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho kwa mpangilio wa Ijumaa. Alipiga kwa furaha, mdomo wazi, jasho likimtoka. Majirani walifunga madirisha, kisha wakayafungua.

Mgahawani, wakati huohuo, kaka alikanyaga kisanduku chake na taa nyekundu ikawaka. Mdundo haukutoka kwenye kisanduku. Ulitoka kwenye kona, kila pigo kutoka mahali pake: mguu kutoka chini, tomtom kutoka katikati, sahani yenye ufa kutoka usawa wa kichwa. Kaka aligeuka mara moja, akaona hewa tupu, akaendelea na gitaa. Wateja waliendelea kula. Yule mzee wa samaki alimsalimia hewani Radi kwa kichwa, kama kawaida yake.

Mhudumu ndiye aliyemletea Radi habari alipokuwa akipita kwenda kwake. Alisema ilisikika vizuri kuliko zamani, ila hakuna meza iliyoweza kuwekwa bado, na mwenye mgahawa amekata tamaa, kahamisha friji. Alisema pia kwamba kuna bango jipya mlangoni. Mpiga picha aliwaambia wote watatu wasogeleane, wakajaribu, wakashindwa, kwa hiyo pichani kati ya wifi, mke wa kaka, na Kimya kuna uwazi wa mtu mmoja. Chini yake wameandikwa watu watatu.

Radi akaenda kwa kaka. Hakwenda kugombana. Alimwambia kwamba kama ni yeye anayepiga, basi ahesabiwe kuwa anapiga.

"Hujaja, dada," kaka akasema kwa upole.

"Nani anapiga?"

"Wewe."

"Basi?"

"Basi hujaja."

Wifi alikuwa amesimama mlangoni na nguo za kupiga pasi mikononi. Aliinamisha macho. Radi aliaga, akarudi kwake kwa miguu.

Ijumaa ya pili yake alikaa mbele ya drams, mikono mapajani. Saa sita na nusu ikafika na kupita. Hakugusa kitu. Seremala alimletea maji, akayaweka juu ya snea, glasi ikatulia tuli.

Wifi alikuja jioni hiyo akiwa peke yake, akakaa kitako, akamsimulia yote. Kisanduku kiliwaka taa bila kutoa sauti. Kaka alianzia wimbo mahali pake, Kimya mahali pengine. Wateja walishika vijiko wakaacha kutafuna, kwa kuwa hawakujua wameze wakati gani. Mzee wa samaki alimwambia mkewe jambo, mkewe akasema hakusikia, mzee akasema basi si kitu. Yeye mwenyewe wifi alifungua mdomo na wimbo haukutoka.

"Nilipoteza mahali pa kuvutia pumzi," alisema. "Miaka yote hii sikujua kwamba ni wewe unayeniambia vuta."

Wakakaa. Radi alitaka kusema kwamba hata yeye hakujua, lakini aliona ni mapema mno kumsaidia.

Kesho yake kaka alikuja, akakaa palepale ndani ya ngoma ya mguu. Alikuwa amechoka. Alisema watu walikula vibaya, na hakuna aliyemlaumu, na kwamba hilo lilimuumiza kuliko lawama. Akamwomba apige. Radi alisema atapiga, kwa mambo mawili: aandikwe kwenye bango, na ile spika ipunguzwe nusu, seremala yupo, msumeno upo. Kaka aliinua mkono, akaupitisha juu ya ukingo wa ngoma ya kando, taratibu, kama mtu anayepapasa kichwa cha mtoto aliyekua.

"Nitalifikiria," alisema.

Radi alimjua kaka yake. Alijua pia kwamba mzee wa samaki angekuja Ijumaa. Akapiga. Hakusamehe, na hakujidanganya kwamba amesamehe; alipiga tu, na akapiga vizuri, kwa kuwa hakujua namna nyingine ya kupiga.

Miezi ikapita, na mambo yakazoeleka. Muuza vitabu aliacha rafu ya chini wazi moja kwa moja. Hoteli ilitandika zulia lenye tundu mbili za mviringo. Ilionekana pia kwamba Radi akipiga Ijumaa, sauti hutoka na dukani na hotelini ambako siku hiyo hakuna bendi, na watu huko huchagua vitabu polepole na kupanda ngazi kwa hatua moja. Kaka alikuwa bado anafikiria. Spika ilinunuliwa magurudumu mapya.

Kisha bendi ikaitwa kurekodi. Studio ilikuwa na ukubwa wa kabati la nguo, na fundi mitambo, ambaye alishasikia habari zote, alituma ujumbe kwamba dada asihangaike kuja, apige tu kwake saa nne kamili asubuhi. Radi alioga, akavaa gauni lake la ukumbini, akafunga kilemba, akapiga kwake saa nne kamili. Pigo la kwanza lilimwangushia seremala penseli zote mbili.

Wimbo ulipigwa redioni wiki tatu baadaye, saa tisa alasiri. Seremala aliizima randa ya umeme, akaileta redio dirishani. Radi alisimama uani, mikono ina povu la sabuni, akajisikiliza. Alisikia ule ufa wa sahani. Alisikia mahali ambapo alimwachia wifi avute pumzi, na wifi akavuta. Seremala alimtazama mkewe akitikisa kichwa polepole kwa wimbo, macho amefumba.

Wimbo ulipokwisha, mtangazaji alisoma majina ya wanamuziki. Alimsoma mpiga gitaa, akamsoma mwimbaji, akamsoma mpiga besi. Kisha akanyamaza, kwa muda unaotosha jina moja la wastani, bila kukohoa wala kugeuza karatasi, na alipomaliza kunyamaza akaendelea na hali ya hewa. Alisema mvua itanyesha kuanzia saa kumi.

Radi alijifuta mikono kwenye kanga, akaenda kuanua nguo.